Lenah Nelima Wangila, Mama wa Duka la Santuri Kitale (1957–2024)

Marehemu Lenah Nelima Wangila alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 karibu na soko la Misikhu, binti wa tatu wa marehemu Mzee Walubengo na marehemu Mama Nekesa. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi na mzee wa kanisa, tena ndiye aliyeleta gramafoni ya kwanza pale kijijini. Jumapili jioni majirani walijaa uani kuisikiliza, na kazi ya kuizungusha mkono ilikuwa ya Nelima. Hakukubali mtu mwingine aiguse.

Alisoma Misikhu hadi darasa la saba, kisha sekondari mpaka kidato cha pili. Mwaka wa 1974 baba yake alifariki na masomo yakakatikia hapo. Hakupenda kuizungumzia habari hiyo.

Mwaka wa 1976 alikwenda Kitale kuishi na shangazi yake, akapata kazi katika duka la santuri la Mzee Abdirashid, mfanyabiashara aliyekaa karibu na msikiti. Siku za soko, wakulima waliouza mahindi walikaa kwenye benchi la duka wakimwomba arudie wimbo kabla hawajanunua, naye alirudia. Wapiga litungu, kile kinubi cha nyuzi cha Wabukusu, wa Bungoma walipotoka Nairobi kurekodi, santuri zao chache walizileta kwake kwanza. Aliwajua kwa majina, na wake zao, na vijiji vyao. Mzee Abdirashid alipozeeka na kurudi kwa wanawe Bungoma mwaka wa 1989, alimwachia biashara yote. "Wewe unawajua wenye nyimbo," alimwambia. "Mimi nilikuwa nauza tu."

Ni dukani humo alimokutana na mumewe. Bwana Wangila alikuwa kijana wa kiwanda cha karatasi cha Webuye, na kila mwisho wa mwezi alifika Kitale kununua santuri moja. Siku Lenah alipopelekwa na shangazi yake kumwona nyumbani kwake, alizikuta santuri zote zimepangwa mezani, safi kama zilivyotoka dukani. Akamwomba awawekee moja. Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Mashine sina." Walifunga ndoa kanisani Misikhu tarehe 12 Desemba 1981, na Mungu akawajalia Phelista na Hillary.

Kanda zilipokuja, Lenah aliuza kanda. CD zilipokuja, aliuza CD. Lakini simu zilipoanza kuimba, hakubaki na cha kuuza. Mwaka wa 2009 kiwanda kikasimama na Bwana Wangila akarudi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo familia ikaliegemea duka wakati duka lenyewe lilikuwa likianguka. Pale Matisi, mtaa wa Kitale walipoishi, vijana walijaza nyimbo kwenye simu za watu barazani, wimbo mmoja kwa bei ya peremende. Mama alipita hapo kila asubuhi akienda kufungua duka ambalo siku nyingine hakuna aliyeingia.

Hillary alijaribu kumshauri. "Mama, si ufunge tu? Siku hizi duka lote liko hapa ndani ya simu."

"Haya, nitafutie Mzee Wabwile humo."

Hillary alitafuta mpaka chaji ikamwishia. Mzee Wabwile, mpiga litungu wa upande wa Webuye, hakuwamo.

"Sasa nikifunga, huyu ataenda wapi?" Mama aliuliza.

Mwaka wa 2017 mwenye jengo alimtoa, akampa chumba muuza simu. Santuri na kanda zilihamia Matisi, zikarundikwa hadi karibu na dari. Aprili iliyofuata mabati yalivuja usiku kucha. Majirani waliamka wakamkuta Mama amezitandaza kila mahali, juu ya ua, juu ya vitanda, akizipangusa moja moja kwa nguo zake za kanisani. Nyingi zilikuwa zimeharibika. Zilizopona alizipeleka Bungoma, ofisi hadi ofisi na redio hadi redio, akiomba zihifadhiwe. Alipokelewa vizuri, akaambiwa alete nyimbo kwa flashi.

Mwaka wa 2021 Mzee Wabwile mwenyewe alifika Matisi akishikwa mkono. Alitaka wajukuu wake wamsikie alivyokuwa akiimba. Santuri yake ilikuwepo, lakini jua lilikuwa limeipinda ilipoanikwa, na sindano ya mashine ilikuwa imevunjika bila kupatikana nyingine Kitale wala Eldoret. Mama akamwambia, "Basi, mzee, imba tu mwenyewe." Akaimba ubeti wa kwanza, akasimama. Ubeti wa pili ulikuwa umempotea. Akamtazama Mama amsaidie, naye Mama, aliyeurudia wimbo ule miaka na miaka, hakuukumbuka. Tangu siku hiyo Mama hakuwa yule tuliyemjua.

Ugonjwa wa kisukari ulimpata mwaka wa 2022, ukaingia kwenye figo. Alitibiwa Kitale, kisha Bungoma, Phelista akimuuguza. Siku moja alimshika bintiye mkono. "Msizichome."

"Hatutazichoma, Mama."

"Sasa mtazifanyia nini?"

Mama hakuuliza tena. Alifariki Bungoma alfajiri ya tarehe 17 Februari 2024.

Ameacha mume wake, Bwana Wangila. Watoto wake, Phelista na Hillary. Wajukuu, ndugu, na waimbaji wachache walio hai. Ameacha pia maboksi ya santuri ambayo sasa yako nyumbani hapa Misikhu. Familia inamwomba yeyote mwenye mashine ya santuri iliyo nzima, au anayemjua mwenye nayo, amwone Hillary baada ya maziko. Tumeuliza kila mahali, na hatujapata.

Mola ampe utulivu alioukosa miaka hii ya mwisho. Mama yetu na apumzike kwa amani.