Makobazi ya Fundi Hamudi

Pale Newala mjini, ukishuka kutoka sokoni, kuna duka la kutengeneza simu na kompyuta lenye baraza pana, na barazani kuna benchi ambalo mwenye duka hana sauti nalo. Ni benchi la mzee Anselmo, aitwaye Hakimu kwa kuwa hutoa hukumu kabla kesi haijafika; la Dauda wa bodaboda, aitwaye Klachi, ambaye pikipiki yake inapumzika zaidi kuliko kutembea; na la Ashraf, aitwaye Redio, ambaye habari zake zina kila kitu isipokuwa ukweli. Muuza kahawa akishawajazia vikombe, wanabaki na baridi ya asubuhi na jambo la kubishania. Siku hiyo jambo lilikuwa Fundi Hamudi, ambaye yumo ndani ya duka nyuma ya pazia la kitenge, makobazi yake yako mlangoni kama kawaida.

— Yule hatoki kwa sababu ya macho, alianza Redio. Kasoma Uchina, chuo kiko chini ya ardhi. Miaka yote taa tu. Jua likimpiga, anapofuka.

— Nani kakwambia?

— Mtu wa Tandahimba.

— Tandahimba nako wanajua ya Uchina? Klachi alicheka. Si macho, ni wake. Anao wawili hukohuko Tandahimba na wote wanamsaka. Wewe ungetoka?

— Basi mbona haendi hata msalani?

— Ndiyo nakwambia ameoa wakali!

Hakimu aligonga kikombe kwenye benchi.

— Nyamazeni. Hamudi mimi namjua. Tumeingia naye jando mwaka mmoja, kule Chilangala. Kambi moja ya likumbi, mkeka mmoja. Hata wakati ule alikuwa hapendi watu.

— Hakimu, una wajukuu wanaonyoa ndevu! alisema Klachi. Huyo fundi ana umri gani?

— Alichelewa.

Nyuma ya pazia, Faidha, mwenye duka, aliuma mpini wa bisibisi asicheke. Alikuwa peke yake mle ndani, na simu ya Klachi mwenyewe ilikuwa wazi mbele yake. Fundi Hamudi hakuwahi kuzaliwa, wala Chilangala wala Uchina.

Faidha alirudi kutoka chuo cha ufundi Mtwara akafungua duka kwa bashasha, na kila mteja akaingia akichungulia nyuma ya bega lake. Fundi yuko wapi? Ni mimi, baba. Aa, basi nitarudi mwenyewe akiwepo. Alijibu hivyo mpaka akachoka, na siku moja ya manyunyu, mzee mmoja alipouliza, mdomo ukajisemea wenyewe: yuko ndani. Mzee akaiacha simu bila neno. Kesho yake Faidha akachukua makobazi ya marehemu babu yake, yale ya tairi, akayapanga mlangoni, na toka hapo duka likajaa.

Kosa lake, na alilijua, ni kwamba alinogewa. Alianza kumkoholea Hamudi, kikohozi kizito mpaka koo likamwuma. Mteja akibishia bei, anaingia ndani, anasubiri kidogo, anatoka na kusema fundi amekataa, na mteja anaomba radhi. Siku nyingine alijikuta anamwonea wivu. Hamudi hakuulizwa ataolewa lini. Hamudi hakuambiwa aache vyuma, afungue saluni. Mtu hata kuwepo hayupo, na bado alimzidi heshima!

Wazee wakiwa bado wanabishana, gari la chama cha ushirika cha wakulima wa korosho lilisimama mbele ya baraza. Alishuka mama wa makamo, mtanashati, akasalimia.

— Naitwa Dominika. Nimetokea Masasi, nimepita Lisekese na vijiji vyote hivi naulizia fundi. Mizani yetu ya umeme na kompyuta za maghalani zinatusumbua, na msimu ndio huu. Tunataka mtu mmoja wa kuzisimamia msimu mzima. Kila ninakopita naambiwa Hamudi.

Bisibisi ilimponyoka Faidha. Kazi ile ndiyo aliyoiota tangu chuoni. Sasa imekuja mpaka mlangoni, na imekuja kumtafuta mwanamume aliyemtunga mwenyewe.

— Umefika, mama, alisema Redio. Huyu hatumii hata vipimo. Ananusa.

— Simu yangu iliwahi kudondoka kwenye ndoo ya uji, alisema Klachi. Aliisikiliza tu, ikawaka.

— Na ni mwenzangu wa jando, alisema Hakimu. Nnungu aliye juu shahidi yangu.

— Vizuri. Mwiteni.

Hakimu alitikisa kichwa.

— Huyo haitwi, alisema Hakimu. Ukitaka kusema naye, unamwambia binti wa dukani. Anapokea, anapeleka ndani, analeta jibu. Binti mzuri, ana adabu, kila asubuhi anatuamkia.

— Haya, nimwite huyo binti. Anaitwa nani?

Klachi alimtazama Redio.

— Sisi tunamwita binti, alisema Redio.

— Mnakaa hapa tangu lini?

— Tangu duka lifunguliwe.

Hakimu aliinua kikombe akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Faidha aliyasikia yote nyuma ya pazia. Aliwakasirikia kwanza wao, wazee anaowaamkia kila siku ya Mungu. Kisha akajikasirikia mwenyewe, maana jina lile aliyelificha ni nani? Angeweza kukohoa tu, kazi ikaenda kwa Hamudi, naye akaifanya kwa kujificha maghala yote mpaka uzeeni. Akavaa makobazi ya babu, akafungua pazia, akatoka akiyaburuza.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba.

— Naitwa Faidha. Fundi ni mimi.

— Na Hamudi? aliuliza Klachi.

— Hayupo.

— Katoka saa ngapi?

— Hajawahi kuingia.

— Nilijua! alisema Redio.

Bi Dominika aliyatazama makobazi, akamtazama aliyeyavaa. Hakucheka.

— Mzani mmoja mbovu ninao garini. Utaufungulia wapi?

Miguu ya Faidha ilikuwa imeshageukia pazia, kwa mazoea. Akaizuia.

— Hapahapa. Wazee wangu, naomba benchi.

Wakainuka, vikombe mkononi. Hakuwa amewahi kufanya kazi akitazamwa, hata skrubu ya kwanza ikamdondoka ikaviringika mpaka chini ya gari. Klachi akaingia uvunguni kuitafuta. Zilizofuata, Hakimu alizikinga kwenye kikombe chake. Ndani ya mzani sisimizi walikuwa wamejenga mji kati ya nyaya. Faidha akawahamisha, akasafisha, akaunga waya uliolika, akafunga.

— Hamudi alikuwa anafanya haraka zaidi, alinong'ona Redio.

Faidha alivua makobazi akayaweka juu ya mzani. Taa ikawaka, namba zikatulia.

— Jumatatu uje ofisini Masasi, alisema Bi Dominika. Uje kwa jina lako.

Gari lilipoondoka, hakuna aliyekaa. Hakimu alihangaika na mfuko wa koti, akatoa simu yake, akamnyooshea Faidha bila kumtazama usoni.

— Mwanangu, humu nimeandika Fundi Hamudi. Hebu nibadilishie.

Faidha akabadilisha, akamrudishia. Mzee akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole, kwa sauti.

— Faidha Fundi. Haya. Akakuna kidevu. Na Hamudi siku tukimhitaji?

— Piga namba hiyohiyo.