Nilikuwa Kisima cha Mganga

Amani iwe kwenu, wazazi wangu, na ninyi kaka na dada wa jumuiya hii. Nimeomba ruhusa nisome, maana nikisimama mbele ya watu bila karatasi maneno yananikimbia. Naandika polepole na nasoma polepole, mnivumilie. Jina la mtu sitataja hata moja.

Wengi mnanijua. Mimi ni yule kijana wa Sapiwi aliyelelewa na shangazi yake baada ya wazazi kufariki. Tangu shule ya msingi nilikuwa na aibu. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini mdomo haufunguki. Nilipomaliza darasa la saba nikabaki nyumbani kulima pamba na kuchunga. Wageni wakija napita nyuma ya nyumba nisikutane nao. Vijana wenzangu walisema nimelogwa nisiongee. Mmoja akanielekeza kwa mganga, eti ana dawa ya aibu. Nikaenda bila kumwambia shangazi.

Mganga akasema lazima aniumike kwanza. Kuumikwa si kitu kigeni kwetu. Hata hapa wapo watu wazima waliowahi kuwekewa pembe ya ng'ombe mgongoni, kwa sababu ya kichwa au kiuno. Unachanjwa kidogo, pembe inavuta, damu inamwagwa shimoni na kufukiwa. Ndivyo nilivyozoea kuona. Lakini yule hakumwaga. Aliinua pembe akanywa, akafumba macho.

Akasema, "Kijana, damu yako ina wazee, mababu zako waliotangulia."

Akaendelea, "Dawa ya kuongea unaitafutia nini? Wewe huna haja ya kuongea. Mizizi peke yake haiponyi mtu. Mimi nakula nguvu ya mtu mwenye wazee, halafu naigawa kwa wagonjwa. Kaa hapa kwangu."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilifurahi. Sikufungwa kamba. Maisha yangu yote nilikuwa sijaambiwa kwamba nina kitu ambacho mtu mwingine anakihitaji. Nikapewa kigoda changu karibu na mlango. Nyama ikiiva, napewa kabla ya wageni. Wagonjwa wakaniita Kisima. "Mwangaluka, Kisima!" Mama wa umri wa shangazi yangu ananisalimia hivyo huku amepiga magoti. Akija mgonjwa mzito, mganga ananiita, ananiwekea pembe, anakunywa, kisha anakwenda kumshika mgonjwa kichwa. Mgonjwa akisema amepata nafuu, watu wananitazama mimi.

Nikaamini kabisa. Mganga alinifundisha kwamba anayetoa damu anatoa nguvu zake na sehemu ya siku zake za kuishi, na anayeipokea ndiye anaongezewa. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Baadaye mwili ukaanza kukataa. Nikitembea mpaka zizini tu, moyo unadunda kama nimekimbia. Nikaanza kutamani udongo, nikawa nabandua udongo wa ukutani na kuula kwa siri. Kucha zikawa nyeupe. Wakati huo mganga ananenepa, shingo imejaa. Nikimwambia nasikia kizunguzungu, ananijibu, "Ni wazee wanaingia. Usiwazuie."

Shangazi alipopata habari akaja. Alisimama mbele ya kigoda changu akanitazama kwanza.

"Mwanangu, hivi wewe ni mtu au ni kivuli?"

"Ni wazee wanaingia, shangazi."

"Wanaingia! Mbona naona wewe ndiye unatoka?"

Wagonjwa wengine walicheka. Mimi nilimwambia arudi nyumbani. Hakukubali kunywa hata maji ya pale. Niliona mgongo wake njiani, na mkono wake unafuta uso kwa kitenge.

Wakati wa kuvuna pamba nikaanguka uani kwa mganga, nisiweze kusimama. Yule bwana hakunishika kichwa kama alivyowashika wengine. Aliwaambia watu wake, "Mtoeni. Asifie hapa." Kisha akaniinamia sikioni: "Ukipelekwa hospitali watakutia damu ya mtu. Ukiikubali, umemla mtu huyo."

Walinitupa nje ya boma kando ya njia, na mpita njia akaenda kumwita shangazi. Akaja na mwanawe, yule anayelima kwa maksai. Nikapakiwa kwenye bodaboda, yeye nyuma amenikumbatia nisidondoke, shangazi akafuata kwa bodaboda nyingine mpaka Bariadi mjini.

Hospitalini nesi alinivuta ngozi chini ya jicho, akaita daktari. Wakasema niongezewe damu haraka. Ndugu yangu, huyo mtoto wa shangazi, akapimwa, damu yake ikalingana na yangu, akatoa. Nilipoona mfuko unaletwa na kuambiwa ni wake, nilipiga kelele. Mimi, ambaye sijawahi kupaza sauti hata kwa ng'ombe.

"Sitaki! Sitamla ndugu yangu!"

Wodi nzima ikageuka. Mzee wa kitanda cha jirani akauliza, "Huyu vipi, ameona mumiani?"

Ndugu yangu akaja kitandani. "Wewe, ugali wangu unakula miaka yote hujawahi kuukataa. Leo ndiyo unajifanya mtu wa adabu?"

"Utakuwa kama mimi," nikamwambia. "Nitakufyonza mpaka ukauke."

Akanitazama. Halafu akageuka, akamnyanyua shangazi juu juu mbele ya watu.

"Nishushe! Nishushe, mwehu wewe!"

"Anaona nimekauka, mama. Ngoja aone."

Nesi akamfokea, akamrudisha kwenye benchi na soda yake, akamwambia aliyetoka kutoa damu hanyanyui mizigo. Wodi ilicheka. Mimi niliogopa zaidi, kwa maana hata mimi mara ya kwanza sikuanguka.

Nesi akaketi pembeni ya kitanda. Akaniuliza, "Huko ulikokuwa, ulipimwa kama damu inatosha?"

"Hapana."

"Uliachwa upumzike mpaka irudi?"

"Hapana."

"Kuna aliyekuuliza kama unataka?"

Nilirudisha mawazo yangu yote kule, toka siku ile ya kwanza. Niliitwa, niliwekewa pembe, nilisifiwa. Kuulizwa, sikuulizwa kamwe.

"Ndugu yako tumempima, na tumemuuliza," nesi akasema. "Damu yake itarudi, na kabla haijarudi hatutamgusa tena. Sasa nakuuliza wewe. Shangazi yako hawezi kukujibia. Sema mwenyewe."

Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nilitaka mtu anisemee, kama siku zote. Hakuna aliyesema. Mwisho nikasema, "Wekeni."

Ndugu zangu, huo ndio mgeuko wangu. Mwili ulirudi polepole. Akili ilichelewa zaidi. Nilikuwa namchungulia ndugu yangu akilima, nangoja ayumbe. Hakuyumba, alilalamika tu kwamba mboga ni kidogo. Na niseme hili hata kama ni aibu: kuna siku nilitamani kile kigoda. Nilitamani kusalimiwa.

Namshukuru shangazi, aliyenipokea bila kuniuliza kwa nini nilimfukuza. Namshukuru ndugu yangu. Namshukuru nesi yule. Nawashukuru ninyi mliokuja kuvuna pamba yetu nikiwa kitandani, mkaniletea maini na mchicha, mkakaa nami bila kunilazimisha niongee. Namshukuru Mungu aliyenirudishia pumzi.

Yule mganga bado anatibu. Nasikia mlangoni pake amekaa kijana mwingine. Tulikwenda na mwenyekiti wa kitongoji kumtafuta kijana huyo, akafichwa tusimwone. Tutarudi.

Nilichojifunza ni kifupi. Anayekusifu huku anakumaliza, hakupendi. Na nawasemesha ninyi mnaokwenda kule, maana mmo humu ndani, niliwaona mkiwa mmepiga magoti mbele yangu. Siwachukii. Mlikuwa na maumivu. Lakini mkifika mkamkuta kijana huyo amenyamaza, msimsalimie mkapita ndani. Muulizeni kama yeye anataka. Asipojibu, kaeni hapo hapo chini mumsubiri. Kijana kama mimi anachelewa kujibu.