Kibuyu Kilichosafishwa

Benchi la Shee, muuza kahawa kutoka Lamu, liliegemea ukuta wa duka la mablanketi River Road, na mwaka ule wa hamsini na saba lilikuwa na wataalamu wa kila kitu isipokuwa kazi. Asubuhi hiyo Phoebe alikaa ukingoni, kibuyu mapajani. Kwa miaka saba kibuyu hicho ndicho kilichochachusha uji aliouza. Kila siku alibakiza uji kidogo wa jana ili uamshe wa leo. Wiki iliyopita Sifuna, aliyeosha vyombo vya kioo katika laboratori ya hospitali na kuitwa Daktari kwa sababu hiyo tu, alimwambia kibuyu ni kichafu. Phoebe akakisugua kwa sabuni kali na maji ya moto. Tangu hapo uji ukanuka kama yai bovu. Msimamizi wa wajenzi kule Hurlingham, wanywaji arobaini, alisema atamjaribu mara moja tu tena, kesho. Unga ulipaswa kulowekwa kabla ya adhuhuri.

— Sasa ni saa nne, akasema Phoebe. Daktari, nifanye nini?

— Pole pole, dada. Hii ni mambo ya bakteria.

— Sikuuliza jina lao.

Lazarus, karani wa chama cha wafanyakazi, ambaye pale benchini aliitwa Mgomo, akakohoa.

— Hao wamegoma. Wamechomwa maji ya moto bila notisi. Hata mimi ningegoma.

— Watagomaje na wamekufa? akasema Shee. Kibuyu ni kama nyumba ya Pumwani, bwana. Chumba kimoja, watu kumi, kila kabila. Mgeni akija hapati hata pa kuweka mguu. Phoebe amewatoa wenyewe, wezi wameingia.

— Na hao wenyewe hawakugombana? akauliza Mgomo.

— Kila siku. Lakini mmoja akitupa maganda, mwenzake anayala.

Sifuna akaona ananyang'anywa fani yake.

— Hata kwa visahani vyetu vya laboratori nimeona. Moja inatoa ukali, jirani anakufa. Mwingine anaupenda huo ukali, ananenepa. Kibuyu ikishakuwa kali, mgeni hawezi kukaa.

Phoebe akamgeukia taratibu.

— Ulijua hayo yote, ukaniambia nisugue?

Sifuna akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Nilisema safisha. Sikusema ua.

— Sabuni ulinichagulia wewe.

— Tusilaumiane, akasema Mgomo. Tumwagie kahawa humo ndani. Waliojificha watakasirika, watoke wapigane.

— Ama nilete wengine kwa chupa, akasema Sifuna. Wa hospitali. Wale wamesoma.

— Wa wagonjwa? akauliza Phoebe.

— Waliosoma.

Ndipo Rael akavuka barabara. Aliuza uji upande wa pili, na kwa miezi mitatu hawakusalimiana, tangu wateja wa Phoebe waanze kuhamia kwake. Mkononi alikuwa na mkebe wa bati. Hakukaa.

— Hii chachu ni ya kibuyu chako. Ulinigawia nikianza, kabla hatujakosana. Bado iko sawa.

Akaweka kidole juu ya kifuniko cha mkebe.

— Nikikumiminia, akauliza, wajenzi watakunywa kwa nani?

Sifuna akaanza kusoma tangazo la mablanketi. Shee akainamisha birika. Likatoa tone moja. Phoebe akawatazama mmoja mmoja, kisha akang'oa kizibo cha kibuyu.

— Sijui, akasema. Mimina. Tutagombana kesho.

Rael akamimina kidogo, akasita, kisha akaongeza.