Niliomba Daktari wa Ganzi Asiwepo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana najua ya kwanza mmeitikia kivivu.

Mwenyekiti wa akina mama ameniambia ushuhuda huu niuandike usomwe, kwa sababu nikisimama kusema mwenyewe kwaya haipati muda wa kuimba. Sawa. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, mtanisamehe herufi.

Mimi ni mtu wa kushuku, hilo mlijue kwanza. Nikinunua pweza namhesabu mikono yote minane, na muuzaji namhesabu vidole. Siku moja pale sokoni nilimpata mwenye mikono saba, nikarudi na watu… lakini hiyo ni habari nyingine. Nilipotoka kijijini kuja kukaa na mwanangu Kasto hapa Mtawanya, nilikuja na kushuku kwangu kama mtu anavyokuja na godoro lake.

Kasto anafanya kazi kwenye gesi kule Madimba, kwa zamu. Anaondoka, anarudi, anaondoka. Akaoa mwalimu, mtu wa Iringa, jina lake Tumaini. Akiongea na simu kwa Kihehe mimi nasogea karibu nasikiliza. Sielewi hata neno, lakini nasikiliza. Akicheka nasema moyoni, hapo kuna mtu. Akashika mimba, nikahesabu. Ndoa ilifungwa watu wakipulizia mikorosho salfa, na mtoto wa kuja masika. Nikahesabu kwa vidole mara tatu, ikatimia sawasawa. Nikaona imetimia mno.

Ndugu zangu, wazee mnajua, vijana sikilizeni. Kwetu zamani mwanamke akikaa na uchungu siku ya pili mtoto hatoki, wanawake wanamzunguka wanamwambia, "Taja!" Maana yake amtaje mwanamume aliyetembea naye nje ya ndoa, ndipo mtoto apate njia. Nami nimekaa na wazazi wengi kule kijijini. Nimelisema neno hilo kwa mdomo huu huu unaoimba pambio. Niombeeni toba.

Basi Tumaini akarudi kliniki siku moja na furaha. Akaniambia, "Mama, nimeuliza. Hospitali kubwa wana sindano ya ganzi, wanachoma mgongoni, uchungu unapungua. Ila daktari wake ni mmoja. Lazima awepo, na asiwe kwenye chumba cha upasuaji."

Nikasema moyoni, ahaa! Mwenye lake ndiye anayekimbilia ganzi. Asiposikia uchungu, atataja saa ngapi?

Kwa mdomo sikusema hivyo. Nilimkumbusha habari za Hawa na adhabu yake. Yule mwalimu akaniangalia, akasema, "Na Adamu alipewa jasho, mama. Kasto kule Madimba anakaa kwenye kiyoyozi. Mbona hujamwambia akizime?"

Sikucheka. Sasa hivi nacheka, lakini siku ile niliingia chumbani, nikapiga magoti, nikaomba daktari yule asiwepo. Naam, niliomba! Mkristo mzima, nimebatizwa kwa maji mengi, namwomba Mungu wa rehema amwondolee mwenzangu rehema.

Uchungu ulimshika asubuhi, mimi namenya muhogo. Kasto yuko zamu. Tukachukua bajaji mimi na yeye. Siku hizi wanaruhusu mtu mmoja aingie na mzazi leba, nikaingia mimi. Hadi saa tano alikuwa ameuma kitambaa mpaka kimechanika. Na daktari akaja! Maombi yangu hayakufika popote. Jitu refu lenye gumbuti nyeupe, haliangalii mtu usoni. Mpaka leo simwamini mtu anayevaa gumbuti ndani ya nyumba.

Nesi akaniambia, "Bibi, mshike mabega, ainame mbele, asitikisike hata kidogo. Sindano inaingia mgongoni."

Nikasema, "Sisi upande wa mume hatuitaki sindano hiyo."

Nesi akasema, "Kwani mgongo ni wa upande wa mume?"

Mama wa kitanda cha pili, naye ana uchungu wake, akacheka mpaka akajishika tumbo. Daktari akasema, "Nasubiriwa upasuaji. Mshikeni, au nakwenda."

Nikaomba kidogo tu niseme na mkwe wangu. Nikainama sikioni kwake. "Taja, mwanangu. Taja, mtoto atoke mwenyewe, sindano ya nini?"

"Nitaje nini, mama?"

"Mwanamume."

Uchungu ukamjia wakati uleule. Akaukamata upindo wa kanga yangu, akauvuta, nikadhani shingo inakatika. Ulipomwachia, jasho linamtiririka, akasema polepole, "Sema wewe jina unalolitaka, mama. Nitalitaja. Nani?"

Ndugu zangu! Maneno yale niliyasema mimi.

Niliyasema wakati wa kumzaa huyu Kasto, siku ya pili, nyumbani kwa mama mkwe wangu. Sikuwa na mtu wa kumtaja. Sikuwa na mtu! Nikawaambia wanawake walionizunguka, nipeni jina basi, nitalisema. Wakanipa. Hamisi, fundi baiskeli wa pale kijijini, mtu aliyewahi kunitengenezea mnyororo na kuniambia pole kwa jua. Nikasema Hamisi. Haukupita muda Kasto akatoka, na wote wakasema, si mnaona? Hamisi walimpiga. Akahama, akaacha mikorosho yake na vyuma vyake. Mume wangu, mpaka anaingia kaburini, alikuwa akimkagua Kasto masikio.

Nami nilinyamaza. Maana ningesema nilidanganya, wangeniuliza, sasa mtoto alitolewa na nini? Nikafika mahali nikajishuku mwenyewe, kwamba labda kweli nilifanya nikasahau. Shetani ni mwongo jamani!

Nikamshika Tumaini mabega. Nikamwambia daktari, "Mchome, baba." Nikamwambia yeye, "Usimtaje mtu yeyote. Pumua." Paji la uso wake likakaa kifuani kwangu, sindano ikaingia, hakutikisika.

Tukangoja. Nikamkodolea macho. Hakuna kitu, bado anauma meno, nikasema, nilijua tu watu hawa. Tukangoja tena. Mara uso ukalainika kama mtu aliyetuliwa mzigo, akafumbua macho, akasema, "Mama, naona kama nina njaa." Njaa! Katika wazazi wote niliokaa nao sijawahi kusikia.

Alasiri mtoto akatoka, wa kike, analia kwa nguvu zake. Na hakutajwa mtu! Hata mmoja! Haleluya! Ndipo nikajua kwa hakika kwamba hata Kasto hakutolewa na jina la Hamisi. Alitoka kwa sababu saa yake ilifika. Kamba iliyonifunga shingo tangu ujana wangu ikakatika palepale leba, mbele ya nesi na yule mwenye gumbuti.

Nikamwambia Kasto yote. Akanisindikiza kwa Hamisi, kule alikohamia. Tukakuta Hamisi amekwisha kufa. Mjane wake alinikaribisha uani, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miaka yote nimelala naye nikimshuku." Akalia. Akasema tena, "Huku uani nani anasikia? Kaseme penye watu. Nitatuma mtu asikilize kama kweli utasema." Sijui atakuwa nani kati yenu. Nitawaangalia mmoja mmoja hii ikisomwa.

Basi wewe uliyetumwa, sikia, umpelekee. Hamisi fundi baiskeli hakunigusa. Nilimsingizia kwa uchungu.

Namshukuru Mungu kwa sindano ile, na kwa kukataa maombi yangu. Mama mkwe, ukimpeleka mkweo, usiende na sikio la kuchunguza. Muulizie daktari wa ganzi. Kama hayupo, gonga milango mpaka wakuchoke. Na wewe uliyemtaja mtu asiye na kosa, mwamini Yesu, usingoje mtu huyo afe. Njoo hapa mbele useme. Nitasimama nawe.