Fundi Shomari na Mfupa wa Nduruma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama chai iko jikoni, iipueni kwanza, maana leo sitaki mnisikilize kwa sikio moja. Nataka tumkumbuke mtu aliyefariki hapa Arusha enzi za Mdachi, zaidi ya miaka sitini iliyopita. Jina lake Shomari. Shomari, fundi cherehani. Ukilitaja jina hilo mtaani leo watu wanakutazama tu, na hilo linaniuma.

Habari zake nimepewa na binti yake, Bi Nusura, anayeishi Engutoto. Umri wake umepita themanini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akaniuliza kama nimekuja kununua ndizi. Nikamwambia, hapana mama, nimekuja kwa ajili ya marehemu baba yako.

"Hakuna aliyewahi kuja kwa ajili ya baba," akasema.

Shomari alikuwa mtu wa Lindi. Kule kusini aliwahi kuchimba mifupa kwa Wadachi. Si mifupa ya mbuzi, wasikilizaji wapendwa. Ni mifupa ya wanyama wa kale, iliyokaa ardhini hadi ikageuka mawe. Wasomi wanaiita visukuku. Shomari hakuwa msomi wa chuo, lakini mapenzi ya visukuku yalimwingia huko na hayakumtoka. Alihamia Arusha mwaka 1911. Siku sita alishona kanzu na sare za askari wa boma. Jumapili, boma likiwa limefungwa, alikwenda zake mto Nduruma kuchokoa kingo.

Nyumbani alifuga kobe. Alimwita Bwana Shauri, kama yule Mdachi wa boma aliyeamua kesi, kwa sababu, alisema, anasikiliza kesi nzima halafu anaingiza kichwa ndani. Alifuga pia nguchiro, aliyelala kwenye sanduku la vitambaa. Na alipenda gazeti. Gazeti la Kiswahili kutoka Tanga, lililomfikia limekunjamana, la mwezi uliopita. Jioni alilisoma kwa sauti barazani. Reli imefika Moshi! Waturuki wako vitani! Majirani walijaa. Lemburis, jirani yake Mwarusha, mfugaji, alimletea maziwa kila asubuhi, na kila jioni alikuwa na swali lilelile: hiyo reli itapita kwenye malisho?

Ndipo, mwaka 1913, Shomari akauona mfupa. Mfupa wa paja, mkubwa, umetokeza ukingoni Nduruma. Mfupa wa kubebwa na watu wawili. Narudia: watu wawili. Mmoja ashike huku, mwingine kule, la sivyo unakatika katikati. Akamwita Lemburis.

Lemburis akakataa. Kwake yeye, mfupa usioujua ni wa nani huugusi.

"Ni jiwe hili," Shomari akamwambia.

"Jiwe gani iko na goti?"

Sasa sikilizeni. Wachimbaji wana njia yao ya kutambua kisukuku. Wanakigusa kwa ulimi. Jiwe la kawaida halinati. Kisukuku kina vitundu vidogo vidogo, kinanata. Kule kusini kila mtu alifanya hivyo na hakuna aliyeshangaa. Shomari akasahau kwamba hayuko kusini. Akainama, akaulamba mfupa. "Ona, umenata!" akasema. Alipoinua kichwa, Lemburis alikuwa ameshavuka mto, anakimbia.

Mimi nilicheka. Bi Nusura hakucheka.

Kabla ya gulio la wiki hiyo kule Maji ya Chai kwisha, maneno yalikuwa yameenea: fundi wa pwani anakula mifupa ya wafu. Walioleta nguo wakaja kuzichukua hazijaguswa mkasi. Maziwa yakakoma. Barazani akabaki kobe. Shomari akamsomea kobe gazeti lote, ukurasa kwa ukurasa.

"Alisoma kwa sauti ileile ya kusomea watu wengi," Bi Nusura aliniambia. "Nilikuwa naona aibu. Natamani leo niisikie."

Mfupa aliuacha palepale, akauviringishia vipande vya kitambaa vilivyochovywa kwenye uji mzito, juu yake akapaka udongo, kama walivyofanya kusini ili mfupa usivunjike. Kila mvua ikinyesha alikwenda kuufunika upya. Alikuwa akimngoja mtu wa pili.

Na mtu wa pili alikuwepo, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa nyumbani kwake. Nusura alikuwa na miaka kumi na sita. Mwacheni aseme mwenyewe.

"Aliniambia, mwanangu, nishikie upande mmoja, hatua ishirini tu, hadi palipo pakavu. Nami nilikuwa na posa. Nikamwambia, baba, na mimi unataka wanikimbie? Akasema, basi, haidhuru. Hakuniomba tena."

Ile posa, kwa taarifa yenu, ilivunjika hata hivyo.

Masika ya mwaka 1914 Shomari alirudi kutoka Nduruma amelowa chapachapa. Akashikwa na homa. Siku nne, akafa. Watu wachache wa msikitini walimzika kwa kuwa dini inawalazimu, na kutoka makaburini kila mmoja akashika njia yake. Nusura alitandika mkeka. Akapika kahawa, akapanga vikombe tisa vya waombolezaji. Siku tatu za matanga hakuketi mtu. Siku ya tatu alikuta kibuyu cha maziwa mlangoni. Mwenye kibuyu alimjua. Kumwona, hakumwona.

Siku ya nne akaenda Nduruma peke yake. Ukingo ulikuwa umebomoka, mto umeuchukua mfupa. Kilibaki kipande kama ngumi, bado kimeviringishiwa kitambaa cha kanzu. Akatazama huku na huku. Akakifungua, akakilamba.

"Kilinata," Bi Nusura akasema. "Baba alikuwa akisema kweli. Nikageuka nimwambie."

Kipande hicho kipo Engutoto, juu ya kabati. Bwana Shauri naye yupo, kobe yuleyule, anatafuna maganda ya ndizi uani. Bi Nusura alikitia kipande mkononi mwangu, akanitazama. Nami nikakilamba. Wasikilizaji wapendwa, kinanata.

Bi Nusura, kwa niaba ya wote wanaonisikia, pole sana kwa kufiwa na baba. Mungu amlaze mahali pema. Pole yetu imechelewa, na aibu ni yetu. Na wewe unayesikiliza, mfikirie leo mtu uliyeacha kupita kwake kwa sababu ya maneno ya sokoni. Labda bado yupo.

Siku ile, kabla sijaaga, Bi Nusura alileta mkeka akautandika barazani. Nikaketi, nikidhani ni wa kupumzikia tu. Kisha akaleta birika la kahawa na vikombe. Nilivihesabu vikombe, vilikuwa tisa. Tulikuwa watu wawili.