Koplo Aliyewachekesha Watu Bila Kutaka

Ndugu, jamaa na majirani, mmesimama muda mrefu, nami sitawachosha zaidi.

Marehemu, fundi seremala ambaye wengi mlimwita Koplo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1925 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa nne wa fundi breki na mkewe, mfua nguo.

Alisoma hadi darasa la sita. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti, "Ana akili, ila mikono haitulii." Baba yake akampeleka kwa seremala. Hata randa haijamkaa vizuri mkononi, akaandikishwa jeshini, mwaka 1943. Alirudi Juni 1946 akiwa na cheo cha koplo na sikio moja linalosikia. Ya vitani hakuyasimulia. Ukimuuliza, alisema, "Tugange yajayo," kisha akatafuta bawaba ya kukaza.

Mwaka 1948 alipata kibarua cha kujenga kuta za mbao kwa watu waliokuwa wakipiga filamu ya kuchekesha, juu ya askari kijana anayerudi kutoka vitani kutafuta mke. Mwigizaji mkuu hakujua kupiga saluti, marehemu akaitwa kumfundisha. Siku ya tatu mwigizaji yule alisusa kazi, na sare akavalishwa mwalimu.

Katika onyesho la kwenda kwa wakwe, mtu aliangusha sinia la bati nyuma ya pazia. Marehemu alijitupa chini ya meza, akafunika kichwa kwa mikono miwili. Mwongozaji aliiacha kamera iendelee. Watu walicheka hadi machozi, na kipande hicho ndicho kilichojaza kumbi za sinema. Miaka mingi baadaye, watu wazima na akili zao waliangusha sufuria karibu naye makusudi, waone kama atachupa. Alichupa kila mara. Kisha alitabasamu, maana walitaka atabasamu.

Siku ile ya sinia, mshona nguo wa filamu alipiga magoti kushona suruali iliyopasuka.

"Umeumia?" alimuuliza.

"Goti tu."

"Sikuulizia goti."

Kwenye filamu, askari yule alimpata mchumba kwa maneno matamu. Marehemu mwenyewe alikwenda kwa mshonaji mara tatu kutengeneza meza ya cherehani. Mara ya tatu mshonaji huyo, ndiye mama yetu, alimwambia, "Fundi, meza hii haina ubovu. Sema lililokuleta." Akalisema. Walifunga ndoa tarehe 14 Januari 1950, wakajaliwa watoto watatu.

Mwongozaji alipomfuata nyumbani na mkataba wa filamu ya pili, marehemu alimkaribisha kiti, akamjibu kwa upole, "Mzee, siku ile sikuigiza." Akarudi kwenye mbao. Kwa miaka thelathini na minne alitengeneza vitanda na milango katika karakana ya hospitali, hadi alipostaafu mwaka 1984. Mama alimtangulia mwaka 1998.

Novemba 2004 alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Tulipokezana kumgeuza, kumlisha na kumfulia, kwa miaka mitatu kasoro mwezi. Septemba iliyopita, binti yake mkubwa, anayewasomea haya, alisinzia akimlisha uji. Alipozinduka, marehemu alikuwa ameshika kijiko kwa mkono wake mzima, anamngoja.

"Lala kidogo, mama," alisema. "Uji haukimbii."

Alifariki Jumanne tarehe 16 Oktoba 2007, saa nne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Ameacha mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, kitukuu mmoja na dada yake mdogo, aliyeketi hapa mbele.

Apumzike kwa amani. Nasi tuliomuuguza tukapumzike pia, bila kuona haya.