Chujio Safi, Vumbi Ndani

Ndugu zangu, nisameheni, nitasema nikiwa nimekaa. Tangu asubuhi tulikuwa kule mteremkoni tunapasua mikaratusi, na mgongo umekataa kusimama. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niwaeleze jinsi nilivyokaribia kuihama Mwakiro, na kilichonizuia. Majina sitayataja. Wahusika wengine wamo humu humu, nawaona wameshaanza kucheka kule nyuma.

Mnanijua. Nilikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na shule niliiacha mapema kwa sababu kufungua redio za watu kulinivutia kuliko kufungua daftari. Tuliporudi Burundi sikutulia. Nilibeba mizigo Kobero mpakani, nikaunga baiskeli Giteranyi, nikapanda malori bila kujua yanaelekea wapi. Kila kazi nilitaka kuona ndani yake kuna nini. Nikishaona, miguu inaanza kuwasha.

Gitega ndiko nilikojifunza msumeno wa mashine. Msioijua kazi ile niwaambie kidogo. Ukikata gogo kwa upana wake, msumeno unatoa chenga kubwa. Ukilipasua kuanzia kichwani ili upate mbao, unatoa unga. Unga huo unaruka kila mahali, na mashine inavuta hewa hapo hapo. Kwa hiyo ina chujio la hewa, kikopo kidogo cha plastiki na kitambaa, kazi yake kuzuia vumbi lisiingie kwenye injini.

Mimi nililiosha chujio langu kila jioni kwa sabuni. Gitega kuna baridi, na mvua ikishika, kitu hakikauki hadi asubuhi. Mnajua wenyewe tunavyofanya nyumbani: soksi, viatu, suruali ya shule, vyote pembeni ya imbabura, vipate joto la makaa. Na mimi chujio nililiweka hapo hapo. Wenzangu waliosha mara moja moja tu, wengine walilipuliza kwa mdomo wakaendelea. Mashine zao zikadumu. Yangu, niliyoitunza kama mtoto mchanga, ikafa.

Mwenye mashine hakutukana sana. Aliniangalia tu, akasema, "We sha, mkono yako iko mbaya. Mashine zote ziko zinafanya kazi, ya kwako tu inakufa. Enda kwenu wakuombee."

Nawaambia ukweli, neno lile lilinifuata barabara nzima hadi Muyinga.

Nilipofika hapa Mwakiro, shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuwa amejinunulia mashine na hakuwa na mtu wa kuishika. Akanipa. Sikumficha ya Gitega, akasema hayo ni maneno ya watu. Nikaanza kazi. Kila jioni nikaosha chujio, nikaliweka penye imbabura. Nilizidisha hata usafi, maana niliogopa.

Haukupita muda mrefu, mashine ikaanza kuchoka. Ikaanza kuzimika katikati ya gogo. Kamba ya kuwashia, ambayo mwanzoni ilikuwa inagoma mkononi kama mbuzi, ikawa nyepesi, unaivuta kama unavuta uzi sakafuni. Nilijua maana yake: ndani kumelika, nguvu inavuja. Nilifungua, nikasafisha buji inayotoa cheche, nikabadilisha mafuta. Wapi.

Shemeji akaja shambani akavuta kamba mwenyewe.

"Shemeji, mi niliwakatalia watu waliosema mkono wako ni mbaya. Sasa niseme nini?"

"Sijui, shemeji."

"Siku ya soko nakuja kuichukua. Usikasirike."

Sikukasirika. Nilichoka. Nilirudi nyumbani nikaanza kukunja nguo zangu mbili. Nikawaza Kabanga, ng'ambo ya mpaka, ambako hakuna anayejua habari za mkono wangu. Mke wangu alinikuta nikifunga begi. Hakulia, na hakunishika.

"Baba, safari nyingine nilikungoja," alisema. "Hii sitangoja. Ukivuka, umevuka."

Akatoka kwenda kupika. Nikabaki nimekaa na begi. Sasa, ndugu zangu, mtu mwenye akili angeenda kumwomba mkewe msamaha. Mimi nilikwenda kuifungua mashine tena. Niliona aibu kuondoka bila kujua ilikuwa imeuawa na nini.

Nikaitandikia gunia pale uani. Nikatoa chujio: kitambaa safi, cheupe. Nikachungulia njia ya hewa nyuma yake, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na chochote. Kulikuwa na vumbi. Lakini lilikuwa limejipanga upande mmoja tu, mstari mwembamba kama unga uliovuja kwenye gunia lenye tundu. Upande mwingine ulikuwa safi kabisa. Nikawaza: kama lingepita kwenye kitambaa, lingeenea kote. Hili lina mlango wake.

Pale pembeni mke wangu alikuwa anafunika maharage. Akaweka jani la mgomba kwanza, halafu mfuniko.

Nikamuuliza, "Jani la nini?"

"Mfuniko umepinda. Mvuke wote unatokea hapa." Akanionyesha. "Na aliyeukalia anajijua, siku ile anafungua redio ya jirani."

Ni kweli niliukalia. Lakini nilikuwa nimeshachukua grisi. Nikapaka kidogo sana kwenye ukingo wa chujio, pale linapokutana na mashine. Nikalibana mahali pake, nikalitoa. Kama limekaa vizuri, grisi inaacha pete kamili upande wa pili. Pete yangu ilikatika. Na ilikatika pale pale penye ule mstari wa vumbi. Nikaliweka chujio juu ya kioo cha kujitazamia. Likayumba kama kigoda chenye mguu mfupi. Plastiki ilikuwa imepinda, upande niliokuwa nauelekeza kwenye makaa kila jioni.

Sikushangilia. Nilikaa chini. Usafi wangu ndio ulioua mashine mbili.

Siku ya soko shemeji alikuja na kamba ya kuifungia mashine kwenye baiskeli. Nikamwomba atazame kwanza. Nikarudia ya grisi mbele yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaliyumbisha chujio kwenye kioo kwa kidole. Kisha akasema, "Panda, twende wote mjini."

Fundi wa Muyinga mjini, mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, aliligeuza geuza lile chujio akaanza kucheka, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa.

"Mais ndugu! Hii filtri uliipika? Plastiki haiko nyama!"

"Nilikuwa naikausha."

"Donc unaoshaka muzuri, alafu unaipika. Anika kwenye kivuli, bwana. Na nunua mbili: moja inafanya kazi, ingine inakauka."

Tukanunua machujio mapya mawili, naye akabadilisha pete ya pistoni. Silinda ilikuwa na mikwaruzo, akasema itakwenda hivyo hivyo, haitakuwa mpya tena. Na ni kweli, hadi leo asubuhi za baridi lazima niibembeleze ndipo iwake.

Tulipomaliza kupasua gogo la kwanza, shemeji alitoa leso yake ya kanisani, nyeupe. Akaniambia nifungue. Nilifuta kwanza vumbi la juu kwa brashi, nikatoa chujio. Akazungusha leso ndani ya njia ya hewa, akaitoa, akaitazama upande huu na huu. Ilikuwa nyeupe. Akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Basi, shemeji," alisema. "Gogo la pili."

Namshukuru yeye, kwamba alitazama kabla ya kuifunga mashine kwenye baiskeli. Namshukuru yule mzee wa mjini aliyenicheka bila kunidharau. Mke wangu nimeshamshukuru nyumbani, na mfuniko nimemnunulia. Namshukuru Mungu aliyenifanya mtu wa kuchungulia.

Somo nililonalo ni dogo. Jambo likikuharibikia, usikimbilie kuongeza bidii ile ile. Tafuta kwanza linapovujia. Mimi niliongeza bidii, na bidii ndiyo iliyokuwa inapinda ukingo.

Sitawadanganya kwamba miguu haiwashi tena. Malori ya Kobero nikiyasikia, bado nageuza shingo. Lakini juzi nimepanda muhogo nyuma ya nyumba, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani. Mnaujua muhogo. Unachukua mwaka na zaidi kukomaa; si zao la mtu wa njiani. Asanteni, naomba mtu anipe mkono niinuke.